Mtungi wa Pili kwenye Jumba la Rutare

Sura ya Sita

Nikianza kuwashukuru watu walioniletea Mashimba, wa kwanza ni Mzungu ambaye sikuwahi kumwona. Wazee wa Murubira walimwita Rutare, yaani mwamba, kwa sababu jina lake la kwao liliwashinda kulitamka, na kwa sababu alikataa katakata kulala kwenye nyumba ya udongo. Alitoka Estonia, nchi ndogo ya baridi ambako, kwa maneno yake mwenyewe, ziwa huganda mpaka ng'ombe wakapita juu yake. Watu wa kijiji chetu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakamweka kwenye kundi la waongo wasio na madhara.

Huko kwao babu yake alikuwa kibarua katika shamba la bwana mmoja mwenye jumba kubwa la mawe. Mjukuu akaapa kwamba siku moja na yeye atakuwa na jumba lake. Akaja kulijenga huku kwetu Ngara, juu ya kilima, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka misheni ya Rulenge, akalizungushia mibuni kila upande. Hakukaa sana. Kahawa ilimshinda, upweke ukamshinda zaidi, akafunga mizigo. Jumba likawa ghala, likawa darasa, likawa mahali pa mbuzi kukwepa mvua, na mwisho likawa zahanati. Mimi nilizaliwa humo. Nilipomaliza chuo cha uuguzi nikarudi humohumo kuwazalisha wenzangu.

Na humo ndimo Mashimba alimonikuta. Alikuja mchana mmoja wa jua kali, shati limemlowa mgongoni, akasimama mlangoni bila kukaa kwenye foleni.

"Kaa kwenye benchi, nitakuita," nilimwambia.

"Siumwi, nesi."

"Basi umepotea. Hapa tunapokea wanaoumwa."

"Nimekuja kuangalia nyumba."

Nikainua macho. Alikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nilikuwa nimesikia habari zake: Msukuma wa Nyarubungo, huko Biharamulo, ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga kabla hajazaliwa. Alitaka kuwafundisha watoto historia ya kijiji chao wenyewe, na kila aliyemuuliza alimwambia historia ya Murubira ni hilo jumba. Akaweka kiganja chake kwenye jiwe la kona, akalipapasa.

"Mawe haya yamepasuliwa kwa moto," alisema. "Unawasha moto juu ya mwamba, unaumwagia maji baridi, unapasuka wenyewe. Babu zangu walifanya hivi."

"Kwa hiyo hata mwamba una pahali unapoachia?"

"Ukiupa muda," akajibu, na wakati huo hakuwa akiliangalia jiwe tena. Nilishika kalamu nikaandika jina la mgonjwa ambaye hakuwepo.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Kilichofuata mnakijua nyote mliowahi kupenda, kwa hiyo sitawachosha. Nitasema tu kwamba mwalimu yule alianza kuumwa kichwa mara nyingi kuliko mtu yeyote wilayani, na mimi nikawa sichoki kumpima.

Shida ilianza mwezi wa sita, siku alipokuja nyumbani kujitambulisha. Alikuja na baba yake, Mzee Shibuda, pamoja na mshenga, Mwalimu Aristides. Baba yangu, Mzee Anatory, akawatengea mtungi wa urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi, na mirija ndani yake. Sisi Wahangaza mwenye nyumba hunywa kwanza, kisha humpa mgeni mrija, ili mgeni aone kwamba mtungini hamna kitu zaidi ya upendo. Baba akanywa. Akampa Mashimba mrija.

Kanisa la akina Mashimba halinywi pombe. Aristides alilijua hilo, akasahau kutuambia. Mwanamume yule angesahau hata kichwa chake kama kisingekuwa kimeshonwa shingoni. Mashimba akashika mrija, akasita, kisha akasema kwa adabu yake yote, "Samahani, baba, ningeomba kikombe changu, hata cha maji tu."

Mama yangu, Generoza, alifumba macho. Mtu anayeomba kikombe chake mbele ya mtungi wa mwenye nyumba anasema jambo moja tu kwetu: naogopa umenitilia sumu. Baba aliuchukua mrija mkononi mwa Mashimba taratibu, akasimama.

"Wageni wamechoka," alisema. "Wasindikizwe."

Tangu hapo ikawa hapana. Aristides alirudi kuomba msamaha, akaambiwa hapana. Na juu ya tusi la kikombe, baba akaongeza lake la zamani: Wasukuma hawana kilima. Leo wako Nyarubungo, kesho majani yakiisha wako Nemba, keshokutwa utasikia wako Katavi. Mzee Shibuda naye akachoka. Akamwambia mwanawe kwamba atamsindikiza Murubira mara moja tu zaidi, siku ya sherehe ya jumba, kwa sababu mtu hapigi hodi mlango uleule mpaka vidole vitoke damu. Baada ya hapo amtafute binti wa kwingine.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya shukrani. Jumba la Rutare lilikuwa limeezekwa bati jipya, na vyumba vyake vya nyuma vimekuwa wodi ya wazazi. Wanawake wa Murubira walikuwa wanajifungulia kwenye chumba kimoja na watu wa malaria. Sasa watakuwa na pao. Baba ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mimi, kwa siri, nilikuwa na ujenzi wangu.

Kwa wiki nzima nilikuwa nimefukia ndizi shimoni, nyuma ya jiko la bibi yangu. Bibi Domisiana ndiye mama yake baba, na ndiye aliyeniambia, siku nilipomlilia magotini, kwamba Wasukuma waliwahi kunywa Murubira zamani bila kunywa pombe. "Mama yangu aliwakamulia mtobe," alisema, "kwenye mtungi wao." Mtobe ni maji matamu ya ndizi kabla hayajawa pombe. Wanaopewa ni watoto na wanawake wanaonyonyesha. Nikamuuliza bibi zaidi, lakini alikuwa ameshaanza kusinzia, na bibi akisinzia hata Malaika Gabrieli angesubiri.

Asubuhi ya sherehe tulizikamua, yeye amekaa kwenye kigoda akitoa amri, mimi nimepiga magoti mbele ya mtumbwi wa mbao, mikono imejaa nyasi na ndizi.

"Rakini usikamue kwa hasira, mwana wanje. Utatoa uchungu wa maganda."

"Sina hasira, bibi."

"Basi una haraka. Haraka na hasira ni mtu na dada yake."

Nilikuwa na haraka kweli. Mtobe haumsubiri mtu. Ukikamuliwa asubuhi, jua la mchana likaupiga, jioni unaanza kutoa povu, na ukishatoa povu ni pombe changa. Mashimba asingeweza kuugusa tena. Nilikuwa na mchana mmoja tu.

Alinikuta nyuma ya jumba nikichota maji kwenye tangi. Alikuwa amevaa shati la bluu nililolisifu siku moja, na tangu hapo nafikiri alikuwa akilifua kila usiku. Tulitazamana kwanza, kama kawaida yetu, tukiacha macho yasalimiane. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekesha.

"Umeamkaje, Keza?"

"Salama. Wewe?"

"Mimi sijalala." Akatazama huku na huku. "Nitakunywa."

"Utakunywa nini?"

"Pombe ya baba yako. Mbele ya watu wote. Nimeshaamua. Nitakwenda kutubu kanisani, watanisimamisha kwaya, mama atalia wiki moja, basi. Yatakwisha."

Sitajifanya mtakatifu: niliufikiria mpango huo. Ungekuwa rahisi sana. Ndoo ilijaa, ikamwagika mpaka miguuni mwangu, bado ninaufikiria. Hakuna mwanamume aliyewahi kunipa kitu kikubwa namna ile, na alikuwa amenipa akiwa amesimama kwenye matope, akinishikia bomba.

"Usinywe," nikasema.

"Keza."

"Ukinywa leo kwa ajili yangu, siku tukigombana utanikumbusha."

"Sitakukumbusha."

"Hutasema kwa mdomo. Utanikumbusha kwa macho. Nayajua macho yako, nimeyasoma mwaka mzima."

Alicheka kidogo, halafu kicheko kikamwisha. "Sasa unataka nifanye nini? Mzee wangu amesema leo ndiyo mwisho. Amevaa koti lake la harusi ya dada, hilo koti halivai kwa mchezo. Akirudi bila jibu, hatakanyaga tena hapa. Na mimi siwezi kumwoa mtoto wa watu kwa kuruka dirisha."

"Nami sitaki kuolewa kwa dirisha. Nataka baba yangu anitoe kwa mkono wake." Nilijifuta uso kwa kanga. "Nisubiri mpaka mchana. Nina jambo."

"Jambo gani?"

"Wewe nisubiri tu. Na baba akikuuliza kitu chochote, mjibu ukweli, hata kama unakuchoma."

Akachukua ndoo mkononi mwangu. Vidole vyake vilikaa juu ya vyangu muda mrefu kuliko ndoo ilivyohitaji, kisha akaibeba mpaka jikoni, mwalimu mzima na shati lake la bluu, mbele ya wanawake wote wa parokia. Walimshangilia. Nikamshukuru Mungu kwa ujinga wake na kwa ujasiri wake, maana sijui kipi kilikuwa kipi.

Padre alimaliza misa jua likiwa utosini. Kisha baba akasimama barazani, miwani puani, kusoma historia ya jumba. Alisoma vizuri, baba yangu ni mtu wa sauti. Alisoma juu ya Rutare na ziwa lake la barafu, watu wakacheka. Alisoma juu ya kahawa. Halafu akavuta pumzi, kifua kikamjaa.

"Na mawe haya mnayoyaona," alisema, "babu zetu waliyapasua kwa mikono yao. Baba yangu mzazi, Niyibizi, akiwa kijana mbichi, ndiye aliyekuwa mbele yao."

"Hawakupasua," ilisema sauti kutoka kwenye viti vya wazee. "Walibeba."

Ilikuwa ya Bibi Domisiana. Watu wakageuka. Baba akashusha karatasi.

"Mama, utapata nafasi yako."

"Nina miaka zaidi ya themanini, Anatory. Nafasi yangu ni sasa." Watu wakacheka tena, na mtu akamsaidia kusimama. "Mimi nilikuwa msichana wa kuwapelekea maji. Nilikuwepo. Watu wetu walijua miti na udongo; mwamba huu uliwashinda. Rutare akaagiza mafundi kutoka upande wa Mwanza. Wasukuma. Walikuja kwa miguu, na nyundo zao, na moto wao. Wao walipasua, wetu wakabeba. Niyibizi alibeba sana, sikatai, mpaka bega lake moja likashuka. Ndiyo bega nililolipenda."

Nilimtafuta Mashimba kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma kabisa ya umati, kando ya baba yake, mdomo wazi.

"Jengo lilipofika kwenye linta," bibi akaendelea, "mtungi ukaletwa. Wasukuma hawakunywa. Walikuwa watu wa dini, kanisa lao lilikataza. Watu wetu wakakasirika, wakasema hawa wanatuona wachawi. Karibu zipigwe nyundo. Ndipo mama yangu akaenda akakamua mtobe, akauleta kwenye mtungi wa pili. Na unajua nani alikwenda kukaa kwenye mtungi ule wa watoto, na mirija, pamoja na wageni, wenzake wakimcheka?"

Baba akavua miwani.

"Baba yako," alisema bibi. "Alisema watu hawawezi kunijengea ukuta halafu wakanywa peke yao. Siku ile ndiyo nilimwona, Anatory. Nilikuwa mtoto bado, rakini nilimwona. Nilipokua nikamngoja yeye." Akaketi, akatengeneza mtandio wake. "Sasa endelea kusoma."

Baba alisoma yaliyobaki haraka, kama mtu anayetafuta mlango.

Chakula kikaliwa. Wanaume wakaketi mduara barazani, na wanawake wa nyumba yetu tukaleta vinywaji. Mama aliuweka mtungi wa urwagwa mbele ya baba. Mimi nikauweka wa mtobe kando yake, nikatia mirija. Mwanamke huleta mtungi. Anayetoa mrija ni mwenye nyumba. Kazi yangu iliishia pale.

Baba aliangalia mtungi wa kwanza. Akaangalia wa pili. Akainama akanusa, akajua. Kisha akasimama, akashuka ngazi, akazunguka nyuma ya jumba. Mirija ilibaki imesimama ndani ya mitungi na hakuna aliyeigusa. Mama akanikonyeza: mfuate.

Nilimkuta amesimama kwenye dirisha la wodi mpya, anatazama vitanda ndani.

"Wewe na bibi yako mmenipanga," alisema bila kugeuka.

"Mtobe ni wangu, baba. Hadithi sikuijua mpaka leo kama wewe. Na bibi, nani anaweza kumpanga?"

Mdomo wake ulicheza kidogo upande, lakini hakutaka nimwone. "Mbele ya Padre. Mbele ya parokia nzima."

"Nisamehe kwa hilo."

"Kikombe nimeshakisamehe," alisema. "Nilikisamehe zamani. Kijana hakujua, hata kipofu aliona. Si kikombe."

Baba yangu ni mtu wa kusubiriwa.

"Dada yako Uwase aliolewa na mtu mzuri," akasema. "Mtu wa lori. Nilikunywa naye mpaka usiku. Nikasema huyu ni mwanangu. Leo wako wapi? Wajukuu zangu nawajua kwa picha za simu. Mdogo ananiita 'yule babu wa kwenye simu'. Na hawa watu wa ng'ombe, Keza, wao kuhama ndiyo kazi. Nikikutoa wewe nitabaki na nani wa kunisumbua?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba miezi yote ile nilikuwa nikiomba dhidi ya kitu kingine kabisa. Nilidhani ni kiburi. Kumbe mzee wangu alikuwa anaogopa. Machozi yalinijia, na yalikuwa ya shukrani, kwa sababu si kila binti anapata baba anayeogopa kumkosa.

"Baba," nikasema, "angalia hivyo vitanda. Nani atawazalisha wanawake watakaolala hapo?"

"Serikali italeta mwingine."

"Atakayejua kwamba mama fulani anaogopa sindano na mwingine anataka kuimbiwa? Mimi sihami. Nilimwambia Mashimba siku ya kwanza, kabla hajanishika hata mkono. Akasema na yeye shule yake iko hapa, na ameshaona pa kujenga, ng'ambo ya kisima. Anataka kuchimba msingi kabla ya masika."

"Ng'ambo ya kisima?"

"Ndiyo."

"Pale pana maji chini. Msingi utatitia." Akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza. "Hakuuliza mtu?"

"Angemuuliza nani? Ulimfukuza."

Nikaona anatafuta mahali pa kukasirika, hapaoni. Akapangusa kioo cha dirisha kwa kiganja, akaanza kurudi barazani. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Nilipopita kwenye mtungi wangu nilitega sikio. Ulikuwa bado kimya, haujaanza kuchemka.

Baba hakuketi. "Mwalimu," aliita. "Njoo hapa."

Mashimba alipita katikati ya watu. Mzee Shibuda akamfuata nyuma, koti limefungwa vifungo vyote kwenye joto lile.

"Shikamoo, baba," alisema Mashimba.

"Marahaba. Nikuulize. Siku ile uliogopa sumu?"

"Hapana, baba."

"Ungeweza kugusa mrija kwa midomo tu, ukajifanya umenyonya. Wengi hufanya hivyo. Mimi nisingejua."

"Nililiwaza hilo," alisema Mashimba. Sauti yake ilikuwa chini, lakini baraza lote lilisikia. "Nikaona nikianza kukudanganya kwa mrija, nitakuja kukudanganya na kwa mengine. Na aliyekuwa anaombwa pale alikuwa Keza."

"Na kikombe?"

"Kikombe kilikuwa ujinga wangu. Kwetu mgeni huomba maji, na maji huja kwenye kikombe. Nilidhani ninaomba kitu kidogo."

"Kuuliza si ujinga, na hukuuliza."

"Sikuuliza, baba. Nisamehe."

Mzee Shibuda akavua kofia. Kiswahili chake kilitembea taratibu, kikipita kwanza kwenye Kisukuma. "Kosa ni langu, ndugu yangu. Huyu ni ng'wanawane, mwanangu. Mimi ndiye wa kumfundisha njia za watu kabla sijaja naye. Nilikuja na kinywa cha kuomba, nikasahau sikio." Akamgeukia bibi. "Na wewe, mama, nakushukuru. Tangu tulipoingia huku tunaitwa watu wa juzi. Sikujua kama wapo wetu waliowahi kupewa mtungi kwenye kilima hiki. Nitarudi nyumbani na habari hiyo, hata nikirudi bila mkwe."

Bibi alimpungia mkono kana kwamba amempa kikapu cha karanga. Baba alisimama akimtazama mzee yule na koti lake la joto. Kisha akainama.

Alipita mtungi wa urwagwa. Akashika mrija wa mtungi wa pili, akaweka mdomoni, akavuta. Mashavu yakamwingia ndani. Watu walikuwa wamejaa barazani na ngazini na kwenye madirisha, wamenyoosha shingo.

"Tamu mno," alilalamika baba. "Hii itatuharibia meno."

Akampa Mashimba mrija. Mashimba aliupokea kwa mikono miwili, akapiga goti moja, akanywa. Alikunywa muda mrefu, na niliona koo lake likipanda na kushuka, na nilimeza pamoja naye kila funda. Alipoinua uso, macho yake yalinitafuta, yakanipata palepale, yamejaa maji. Baba akamsogezea Mzee Shibuda mrija mwingine. Wazee wawili wakainamisha vichwa kwenye mtungi wa watoto, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele ambacho nafikiri kilifika Rulenge.

"Pale ng'ambo ya kisima," baba alisema kati ya funda na funda, "usichimbe. Pana maji. Kesho nitakuonyesha pa kujenga, upande wa juu, karibu na kwangu."

"Asante, baba," alisema Mashimba, bado amepiga goti.

"Karibu sana na kwangu," baba akarudia, akinitazama mimi. Kisha akapaza sauti, ile sauti yake ya kusomea historia. "Keza. Mletee mume wako kiti. Amesimama tangu mwezi wa sita."

"Anatory," mama alimnong'oneza, "hajatoa hata mguu wa ng'ombe."

"Ng'ombe watakuja. Mtu wa ng'ombe atakosa ng'ombe? Nimesema aletewe kiti."

Niliingia ndani kukitafuta. Viti vyote vilikuwa nje, kimebaki kimoja cha mbao kwenye wodi mpya, kando ya kitanda ambacho hakijalaliwa na mtu. Nilikishika. Kisha nikakaa juu yake mimi mwenyewe, nikajifunika uso kwa kanga, nikalia kama sijawahi kulia, nikiwashukuru waliopasua na waliobeba, na Mzungu wa barafu, na bega la babu yangu.

"Keza," sauti ya Mashimba ilisema mlangoni. "Baba anauliza kiti kiko wapi."

"Nakuja nacho."

Hakuondoka. Aliingia, akachuchumaa mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, na mara hii hapakuwa na ndoo ya kusingizia.

"Kaa tu," alisema. "Nitamwambia mke wangu bado anakitumia."